Sweta la Mchunga Madume

Kituoni walimwita Mama Taa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata kwenye orodha ya zamu karani alikuwa ameandika "M. Taa", na hakuna aliyeona ajabu. Kazi yake ilikuwa kulinda mwanga. Banda la majike lilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na kondoo kumi na wawili, madirisha yamezibwa kwa mabati, na mwanga wote ukitoka kwenye taa ndefu za darini. Saa kumi na sita mwanga, saa nane giza, si dakika kuzidi wala kupungua. Umeme ukikatika, Mama Taa ndiye aliyekimbilia jenereta, na kwa miaka yake hamsini na tisa alimshinda mbio mlinzi wa geti, ambaye alikuwa na miaka thelathini na kitambi.

Mtu asiyefuga atauliza, kondoo na taa wapi na wapi? Asicheke. Kondoo wale asili yao ni nchi za baridi kali, ambako mwanakondoo akizaliwa mwezi mbaya hufa kabla hajajifunza kusimama. Kwa hiyo jike haachi mambo yaende hovyo. Hana kalenda ukutani, lakini ana giza. Usiku ukiingia, kitezi kilicho ndani kabisa ya ubongo wake, kidogo kama punje ya mahindi, huanza kudondosha homoni damuni, na hakiachi mpaka kuche. Usiku ukiwa mrefu homoni ni nyingi, ukiwa mfupi ni kidogo, na wiki zikipita mwili unaelewa ni majira gani. Siku zikiwa ndefu, ovari hufunga duka. Dume akimsogelea jike wakati huo anakula kichwa cha mbavu. Siku zikifupika, ubongo hutuma habari kule chini, ovari huamka, na yule yule aliyekuwa akijifanya mtawa anaanza kumtafuta dume mwenyewe. Miezi mitano baadaye anazaa, na majani yapo.

Haya yote Mama Taa aliyajua bila kuyasoma popote. Alikuwa amekaa na wasomi miaka ishirini na miwili, akiwashikia kondoo vichwa wakati wao wanachoma sindano, na mtu akikaa karibu na ua atanukia.

Msomi wa zamu hii alikuwa daktari wa mifugo wa miaka thelathini na moja, mwembamba, shati daima limechomekwa upande mmoja. Wote walimwita Daktari. Alikuwa akitafuta shahada yake ya juu kupitia kondoo wale ishirini na wanne, na wazo lake lilikuwa hili: katika kondoo wachache kuna jeni iliyobadilika kidogo. Jeni ile ndiyo hutengeneza kitasa ambamo homoni ya giza huingia kama ufunguo. Kitasa kikiwa na umbo jingine, jike hasikii habari za usiku. Siku ziwe ndefu au fupi, yeye anazaa tu. Ikithibitika, mfugaji ananunua dume mwenye jeni hiyo, na mabinti wa dume huyo watamzalia mwezi wowote anaotaka.

Basi Daktari aliwaweka majike kumi na wawili wenye jeni ile chumba cha kwanza, na kumi na wawili wa kawaida chumba cha pili. Wote aliwamulika kwa siku ndefu, siku za kulala. Chumba cha kwanza wakiamka na cha pili wakibaki wamelala, jeni imeshinda.

Sharti lilikuwa moja, nalo lilibandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu: hakuna dume, wala chochote kilichogusa dume. Jike aliyekaa muda mrefu bila dume, akimnusa tu ghafla, ubongo wake unaruka foleni yote ya giza na mwanga na kwenda kugonga ovari moja kwa moja. Kwa hiyo makoti meupe yalikuwa ya majike, ya bluu ya madume. Viatu vilikanyagishwa beseni la dawa, mikono ikasuguliwa sabuni mpaka viwiko. Mama Taa alilisimamia sharti hilo kwa ukali kiasi kwamba siku moja alimrudisha mlangoni mkurugenzi mzima aliyekuja na koti la bluu, na mkurugenzi akarudi kweli, mdogo mdogo.

Sasa, madume wenyewe walikaa ng'ambo ya barabara ya changarawe, na kwa miaka ishirini na saba mchunga wao alikuwa mume wa Mama Taa.

Dume la kondoo lina harufu yake. Ni harufu nzito ya mafuta ya sufu na jasho, na ndani yake kuna kitu kikali kinachokaa nyuma ya pua na kukataa kuondoka. Mchunga madume alirudi nayo nyumbani kila jioni, kwenye sweta la kahawia lenye viraka viwikoni, na kila jioni mkewe alimsubiri mlango wa nyuma.

"Vua huko huko! Humu hawakai madume."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe nakuvumilia."

Walilirudia neno hilo miaka nenda miaka rudi, na wakacheka kila mara kana kwamba limetungwa siku ile. Sweta lilitundikwa ukutani nje, mwenyewe akaoga ndipo akaingia. Hata hivyo harufu iliingia naye. Ilikuwa kisogoni, ilikuwa kwenye nywele, ilikuwa upande wake wa godoro. Miaka ikapita, Mama Taa akaacha kuiita harufu ya kondoo. Kwake ikawa harufu ya mtu.

Mtu huyo alikufa Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, amekaa kitini, kamba ya kiatu kimoja haijafungwa. Hakulia, hakuita, hakumsumbua yeyote. Wahenga wanasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Hawakusema chochote juu ya anayebaki na kile kiatu.

Baada ya mazishi ndugu waligawana nguo kwa utaratibu, na binti yao akatumbukiza zilizobaki kwenye beseni ili azifue. Mama Taa alifika sweta likiwa bado juu juu, halijalowa. Alilinyakua kwa nguvu mpaka binti akashtuka.

"Mama, hilo linanuka."

"Najua. Liache linuke."

Alilifunga kwenye mfuko wa plastiki. Siku zikimwelemea, alifungua mfuko kidogo, akanusa, akafunga haraka, kama mtu anayebana matumizi. Kisha msimu wa baridi ukaingia. Asubuhi bandani ni baridi ya kukata mifupa, na Mama Taa akaanza kulivaa ndani ya koti lake jeupe. Sharti lilisema makoti, viatu na mikono. Hakuna aliyeandika chochote juu ya kilicho chini ya koti la mjane, na yeye mwenyewe, aliyemrudisha mkurugenzi mlangoni, hata halikumpitia akilini kwamba amevunja sharti. Kwake lile halikuwa vazi la dume. Lilikuwa vazi la mumewe.

Alianza kazi chumba cha kwanza, kwenye baridi, na sweta mwilini. Ilipofika saa tano jua limeshapiga mabati, joto limempata. Alilivua, akalifungia kabatini, akanawa, akaenda chumba cha pili. Kila siku hivyo hivyo. Ukilijua hilo, umeshajua asilolijua Daktari.

Majike wa chumba cha kwanza wakampenda ghafla. Akiingia tu wanamzunguka, wanasukumana, wanamchomeka pua kifuani na kubaki hapo wakivuta pumzi. Mama Taa alisimama katikati yao na ndoo ya pumba, machozi yakimlenga.

"Wamejua nina msiba," alimwambia binti yake. "Wanyama wana utu kuliko watu. Ndugu za baba yako wamenipa pole wiki moja tu, kisha wakauliza habari za baiskeli."

Baada ya wiki tatu damu zikaanza kusema. Kila Jumatatu na Alhamisi Daktari alichukua damu na kupima ile homoni inayoonyesha kwamba yai limetoka. Chumba cha pili, kimya. Chumba cha kwanza, tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wameamka, chini ya taa za siku ndefu, wakati ambao kondoo mwenye akili timamu amelala fofofo. Daktari alicheza ngoma ukumbini peke yake, akamkumbatia Mama Taa na mirija ya damu mkononi, akanunua soda kwa kituo kizima, hata kwa mlinzi wa geti. Profesa wake alikuja kutoka mjini kuona. Redio ikasikia habari, na wafugaji wakasikia redio.

Kaka yake Mama Taa alikuwa mmoja wao. Alipiga simu. "Dada, nasikia huko kwenu kuna dume la ajabu. Niwekee moja. Wengine watajipanga, mimi nina mtu ndani."

Kila mtu alifurahi, na Mama Taa alifurahi kuliko wote, maana alimpenda kijana yule kama mwanawe. Ndipo ikaja ile chai ya saa nne.

Mchunga madume mpya, aliyerithi kazi ya marehemu, waliyemwita Kipara, alikuwa mtu wa mizaha isiyo na breki. Siku hiyo alikaa benchi moja na Mama Taa, akanusa hewa, akamgeukia.

"Mama, umepita bandani kwangu leo?"

"Nipite huko nina nini?"

"Basi dume gani kakukumbatia? Unanuka zizi langu kabisa!"

Benchi zima lilicheka. Mama Taa naye alicheka, akajifunua kola ya sweta. "Hii ni harufu ya mume wangu, wewe. Uwe na adabu."

"Mumeo, Mungu amrehemu, alinuka madume, Mama. Kama mimi. Mke wangu ananiogeshea nje kama gari."

Wenzake walizidi kucheka. Mama Taa aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa nusu, naye si mtu wa kubakiza chai.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha kwanza. Alilivua sweta nje ya mlango, akavaa koti jeupe safi, akaingia. Majike walimtazama, wakaendelea kucheua. Akatoka, akalivaa, akaingia tena. Wakaja wote, wakisukumana. Akatoka, akavua, akaingia. Wakamtazama, wakaendelea kucheua. Alifanya hivyo mara tatu, maana wasomi walimfundisha kwamba mara moja si kitu. Mara ya tatu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso. Kumbe hawakuwa wakimpa pole. Walikuwa wakitafuta dume.

Mwenye akili atasema, si aende akaseme basi, ngoja ngoja ya nini? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa hujafiwa. Nani angejua? Kipara mizaha yake huisahau kabla hajaimaliza. Angelitia sweta lile majini mara moja tu na sabuni, ushahidi ungekwisha, na kijana angevaa joho lake la shahada huku mama yake mzazi akipiga vigelegele. Lakini pia asingekuwa na sweta. Na akisema, watalichukua. Kila njia aliyoigeukia ilimdai kitu kile kile, na hakuwa tayari kukitoa.

Jumapili mchana alitia maji beseni, akatia sabuni, akakoroga mpaka povu likajaa. Aliketi kando na sweta mapajani. Simu ikalia.

"Dada," alisema kaka yake, "nimeshauza majike wangu wanne wa zamani. Zizi liko wazi, nangoja dume tu. Lini?"

"Umeuza?"

"Nimeuza. Si umesema ni kweli?"

Hakuwa amesema ni kweli. Lakini pia hakuwa amesema si kweli, na kwa mtu mwenye njaa ya habari njema hayo mawili ni mamoja. Aliagana naye, akakaa akilitazama povu likifa lenyewe. Kisha akamwaga maji yale chini, akalikunja sweta likiwa kavu, akalirudisha mfukoni. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Daktari, chumba kidogo chenye friji ya damu na meza iliyojaa karatasi. Aliweka mfuko mezani.

"Karibu, Mama. Nini hiki?"

"Sweta la marehemu."

Uso wa kijana ulilainika. "Mama, hapana. Siwezi kupokea. Hii ni kumbukumbu yako."

"Sikupi, mwanangu. Nakuonyesha."

Akamweleza yote, tangu baridi ilipoanza mpaka mara tatu za kuvaa na kuvua. Daktari alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Chumba cha kwanza tu?"

"Nikifika cha pili ninakuwa na joto."

Daktari alitazama ukuta, akatazama zile karatasi, miaka miwili ya maisha yake, kurasa mia na sitini. Akasema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Neno hilo watu hulisema kila siku, hata kwa mtoto aliyeiba sukari, wala halimuumizi mtu. Siku hiyo lilimpata Mama Taa kama kofi. Aliinuka, akaaga kwa heshima zote, akatoka. Daktari hakumwita.

Siku tatu walipishana ukumbini kama wapangaji waliogombana. Kijana aliandika maagizo ubaoni badala ya kuyasema, na Mama Taa aliyatekeleza moja baada ya jingine. Alikwishaacha kulivaa sweta, akivumilia baridi na kanga mbili mabegani. Siku ya nne Daktari alimfuata stoo, shati limetoka pande zote mbili.

"Mama, nilikosa adabu. Nisamehe."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha. Ni mimi niliyewapanga kondoo. Niliwaweka wenye jeni wote chumba kimoja ili iwe rahisi kuchukua damu. Ningewachanganya, nusu huku nusu kule, sweta lako lingewaamsha wenye jeni na wasio nayo, na tungejua mapema kuna jambo. Profesa kaniambia hayo hayo, ila kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako." Alikaa juu ya gunia. "Lakini huenda si sweta. Kondoo hufuata hata ndoo tupu, kusogea si ushahidi. Miezi kumi tangu msiba ni mingi, Mama. Harufu hufa. Kama ile imekufa, basi jeni ni ya kweli, na kazi yangu imepona. Lazima tulipime."

"Lipimeni."

"Tutahitaji kulikata. Kila jike na kipande chake, ndani ya mfuko wa kitambaa, puani."

Mama Taa aliuliza: "Mkono mmoja hautatosha?"

Kijana alitaka sana kusema utatosha. Ilionekana. "Hautatosha," alisema.

Kwa hiyo likakatwa, na aliyelikata ni yeye mwenyewe, maana alimwambia Daktari kwamba hakuna mtu mwingine atakayetia mkasi humo. Alipewa glovu. Kabla ya kuzivaa aliomba nafasi, akalipeleka sweta usoni. Alinusa kwapani. Alinusa shingoni, mahali ambapo siku zote harufu ilibaki. Hakupata kitu. Sufu tu, na vumbi la mfuko. Pua ilikuwa imechoka, au mafua, au ndio mwisho wenyewe, hakujua. Basi imekufa, alijiambia, na kijana amepona. Alingoja furaha, haikuja. Akavaa glovu na kukata vipande vinane, vikubwa vya kutosha, akianzia mgongoni, na viraka vya viwikoni akavigawa sawasawa.

Walileta majike kumi na sita kutoka malisho ya mbali, waliokuwa miezi miwili bila kumuona dume. Wanane walifungiwa vipande vya sweta la marehemu, wanane vipande vya sweta jipya la dukani la sufu ile ile. Vipande vilitiwa kwenye mifuko isiyo na alama, kila jike na namba yake, na orodha akabaki nayo Profesa peke yake. Damu ilichukuliwa kabla, kisha kila dakika kumi, kutafuta ile homoni ambayo ubongo huituma kuamsha ovari. Mama Taa alishika vichwa vyote kumi na sita mmoja mmoja, maana kwa mkono wake kondoo walitulia. Hakujua yupi ana kipi. Mirija ikapelekwa maabara mjini.

Wakangoja siku tisa. Siku hizo Mama Taa aliomba kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Alimwombea kijana, kwamba lile sweta liwe limekufa kabisa, damu isiseme lolote, kazi ya watu ipone. Na kabla hajafika amina moyo wake ulikuwa umeshaomba kinyume. Alijikemea, akaanza upya, ikawa vile vile. Siku ya saba aliacha kuomba, akamwachia Mungu ayachambue mwenyewe.

Siku ya tisa alikuwa akisugua mabirika ya kunyweshea kondoo uani aliposikia hatua kwenye changarawe. Daktari alikuwa na karatasi moja mkononi. Hakuhitaji kusema, kwa kuwa furaha ya kijana yule huanzia miguuni, na miguu ilikuwa mizito.

"Saba," alisema. "Saba kati ya wanane."

"Na wale wa sweta la dukani?"

"Hakuna hata mmoja."

Aliketi kwenye ukingo wa birika, suruali ikalowa, hakujali. Alieleza kwamba Profesa amempa miaka miwili mingine. Ataanza upya, kondoo wapya, wamechanganywa, na huenda jeni ikaonekana au isionekane. Alieleza kwamba ameshaandika barua redioni, na kwamba asubuhi hiyo amempigia simu yule kaka yake Mama Taa mwenyewe. Alitukanwa, akatulia, akatukanwa tena. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Taa, na pole hiyo ilitoka ndani kabisa, maana alimwona alivyokonda. Lakini ndani humo kulikuwa na jambo jingine, na hakuwa mtu wa kuficha. "Nisamehe. Nimefurahi."

Daktari aliinua macho.

"Nilinusa siku ile nisipate kitu," alisema. "Nilijua hayupo tena. Nikakata nikijua nakata kitambaa tu." Alijifuta uso kwa mkono uliolowa, ukazidi kulowa. "Kumbe alikuwepo."

Kijana alikuwa na haki ya kukasirika, na labda alikasirika kidogo. Kondoo walilia ndani, mmoja, kisha wengine. Daktari aliinyoosha ile karatasi gotini, karatasi iliyokuwa imemla miaka miwili.

"Nisomee," alisema Mama Taa. "Taratibu. Mmoja mmoja."

"Namba tatu," alisoma Daktari. "Dakika ya kumi, imepanda. Namba sita, dakika ya kumi, imepanda. Namba saba, dakika ya ishirini, imepanda."

Alisoma wote mpaka wa saba. Mama Taa alikuwa amefumba macho, mikono ndani ya maji.

"Rudia," alisema, na Daktari akarudi juu, akaanza tena na namba tatu.